Ndege Pana, Pwani Nyembamba

Katika miaka ya 1980, mfanyakazi wa uwanja wa ndege wa Mombasa angeweza kuikisia siku ya juma kwa kutazama tu rangi ya mkia wa ndege iliyoegeshwa. Mkia mwekundu ulikuwa wa LTU ya Düsseldorf. Wa njano, wa Condor ya Frankfurt. Zilitua asubuhi baada ya kukata Mediterania na Sahara usiku kucha, zikamwaga Wazungu mia tatu hivi waliovimba miguu, na saa chache baadaye zikapakia wengine mia tatu waliobabuka kwa jua. Ndege ilikuwa ile ile, na mara nyingi hata kitanda cha hotelini kilikuwa kile kile. Kilitandikwa upya kati ya staftahi ya anayeondoka na chakula cha mchana cha anayeingia.

Mabadilishano hayo ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa biashara nzima. Ndege kubwa ikirudi Ulaya tupu, faida ya kwenda imeliwa na mafuta ya kurudi. Kwa hiyo kampuni za safari zilipanga msimu kama mnyororo: ndege ya kwanza ya msimu ilirudi karibu tupu, ya mwisho ilikuja karibu tupu, na zote za katikati zilijaa kwenda na kurudi. Hoteli za Shanzu, Bamburi na Diani zilipangiwa idadi ya vyumba kwa hesabu hiyo, na mabasi ya kuwapokea wageni vilevile. Hata idadi ya mayai jikoni ilifuata ratiba iliyoandikwa ofisini Ujerumani miezi mingi kabla.

Historia ya utalii wa pwani ya Kenya huandikwa kwa kuhesabu hoteli: ipi ilijengwa lini, na nani. Ingefaa zaidi kuhesabu viti vya ndege na kuuliza kila kiti kilikuwa cha nani, kwa sababu katika biashara hii mwenye kiti ndiye aliyekuwa akimpangia mwenye chumba bei.

Zamani hakukuwa na kiti cha kugombania. Meli za Union-Castle na British India zilileta maofisa, walowezi na wamisionari, na safari kutoka Uingereza ilikula karibu wiki tatu. Karani wa London mwenye likizo ya wiki mbili asingeweza kuja Mombasa kuoga baharini akarudi kazini. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilianza kutua Mombasa zikielekea Durban. Zilikuwa na nafasi ya abiria ishirini na wanne kwa wingi, na mizigo yao muhimu zaidi ilikuwa magunia ya barua.

Waliojaza hoteli za mwanzo walikuwa walowezi wa bara. Walishuka kwa gari moshi la usiku kutoka Nairobi kuja kupasha moto mifupa iliyoganda kwenye nyanda za juu. Malindi ilikuwa na hoteli ya Lawford's tangu miaka ya 1930. Nyali Beach Hotel ilifunguliwa mwaka 1946, ng'ambo ya daraja lililoelea majini, lililokuwa likiunganisha kisiwa na bara ya kaskazini tangu 1931. Mwaka huo huo wa 1946 lilianzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likianza na ndege ndogo za Dragon Rapide. Baadaye lilimiliki Comet na VC10, likajijengea heshima, lakini tiketi yake ya kutoka Ulaya ilibaki kuwa ya mtu mwenye nacho.

Daraja la kawaida, hili ambalo leo linaonekana kana kwamba limekuwapo tangu ndege ziumbwe, lina tarehe ya kuzaliwa. Nauli za kimataifa zilikuwa zikipangwa kwa makubaliano ndani ya IATA, umoja wa mashirika ya ndege, na hakuna aliyeruhusiwa kuuza chini ya wenzake. Mwaka 1952 umoja huo ulikubali daraja la watalii katika safari za Atlantiki ya Kaskazini. Tarehe 1 Aprili 1958 likaja daraja la bei ya chini zaidi, lenye viti vilivyobanwa na sahani zisizo na madoido. Hata hivyo nauli bado iliwekwa mezani na wenye mashirika wenyewe, nao si watu wa kujipunja.

Tundu kwenye ua lilikuwa ndege za kukodi. Kampuni ya safari ilikodi ndege nzima, ikanunua vitanda hotelini, ikaviuza vyote pamoja kwa bei moja. Serikali za Ulaya ziliruhusu hilo kwa sharti: kiti kisiuzwe peke yake, kiuzwe pamoja na malazi, ili kisishindane waziwazi na tiketi za mashirika ya taifa. Sharti hilo la kulinda wakubwa ndilo lililofunga kiti na kitanda kwa kamba moja, na kamba hiyo, kama tutakavyoona, ilikuja kuukaza ufuo wa Kenya.

Kilichokosekana ni ndege yenye nafasi ya kutosha.

Mwezi Aprili 1966 Juan Trippe wa Pan American aliagiza Boeing 747 ishirini na tano kwa dola milioni 525, kabla hata ndege yenyewe haijajengwa. Ilianza kubeba abiria tarehe 22 Januari 1970, kati ya New York na London. Kwa ndani ilikuwa na upana wa takriban mita sita, na njia mbili za kupita badala ya moja. Kinachochekesha ni kwamba Boeing wenyewe hawakuiamini sana kama ndege ya watu. Wakati ule iliaminika kwamba abiria wote watahamia ndege zinazopita mwendo wa sauti, na 747 itabaki kubeba mizigo. Ndiyo maana rubani aliwekwa ghorofani, ili pua ya ndege iweze kufunguliwa na makontena kuingizwa. Zile za mwendo wa sauti zimeishia makumbusho. Punda wa mizigo ndiye aliyebeba umma.

Zikafuata McDonnell Douglas DC-10 mwaka 1971, Lockheed TriStar mwaka 1972 na Airbus A300 mwaka 1974. Zilikuja kwa wakati mbaya kwa wenye ndege na mzuri kwa maskini wa safari: uchumi wa Marekani ulikuwa umezorota, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa. Ghafla dunia ikawa na viti vingi kuliko wasafiri. American Airlines iliona nyuma ya 747 zake pako wazi, ikang'oa baadhi ya viti na kuweka sebule yenye piano. Kampuni za kukodi ndege zilifanya kinyume chake. Zilipotazama nafasi ile ile ziliona pa kuongeza safu.

Condor, kampuni tanzu ya Lufthansa, ilikuwa imeanza safari za mbali mwaka 1966, Kenya ikiwa miongoni mwa vituo vyake, kwa ndege nyembamba za Boeing 707. Mwaka 1971 ikawa kampuni ya kwanza ya ndege za likizo duniani kuendesha 747, yenye viti zaidi ya 400. LTU ilipokea TriStar yake ya kwanza mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 ikaongeza aina ya TriStar-500, fupi kwa umbo lakini yenye uwezo wa kwenda mbali zaidi. Kampuni za Uingereza, Uswisi, Ubelgiji na Italia hazikuchelewa kufuata nyayo.

Hesabu yake ni nyepesi, na ukiielewa umeielewa Diani. Chukua ndege ya ukubwa wa DC-10. Shirika la taifa liliweka viti vinane au tisa kwa safu, pamoja na daraja la kwanza mbele, jumla abiria 250 hivi. Mwenye ndege ya kukodi aliweka viti kumi kwa safu, akafuta daraja la kwanza, akasogeza safu mbele hadi magoti yaguse kiti cha mwenzake, akapata viti 370. Marubani ni wale wale, na mafuta yanakaribiana. Gharama ya kila kiti imeshuka kwa karibu theluthi moja, na theluthi hiyo ndiyo iliyomtoa fundi wa magari wa Dortmund au muuguzi wa Manchester kwao na kumleta chini ya mnazi.

Safari yenyewe haikuwa ya raha. Abiria wa kiti cha katikati alikaa saa nane au tisa akiwa na viwiko vya watu wawili mbavuni. Wavutaji sigara walitengewa safu za nyuma, kana kwamba moshi unajua kusoma alama. Filamu ilikuwa moja kwa wote, ikionyeshwa kwenye pazia la mbele, na sauti ilifika masikioni kwa mirija ya plastiki iliyo wazi ndani, kama kipimo cha daktari. Kisha mlango ukafunguliwa, na joto la Mombasa lenye chumvi likaingia kabla ya mtu yeyote kutoka.

Katika historia yote hii hakuna kampuni iliyokaza ile kamba ya kiti na kitanda kuliko African Safari Club ya Uswisi, iliyoanzishwa na Karl Jakob Rüdin. Wengine walikodi ndege na kununua vitanda. Yeye alimiliki vyote. Shirika lake la ndege, African Safari Airways, lilianza mwaka 1967 na kutumia Bristol Britannia, ndege ya mapanga iliyokuwa ikiachwa na mashirika makubwa. Baadaye likahamia DC-8, kisha DC-10, na mwisho Airbus A310 ambayo namba yake ya usajili, kwa utani wa makusudi au bila, ilikuwa 5Y-VIP, ingawa wengi waliopanda walikuwa wa tiketi ya kawaida.

Chini, kampuni hiyo ilikuwa na hoteli kadhaa zilizopangana kando ya ufuo wa Shanzu, nyingine Kilifi na Watamu, kambi za kutazama wanyama Tsavo, na kwa muda hata meli ya matembezi, Royal Star, iliyotia nanga Mombasa. Mgeni alilipa kwao Ulaya, akaruka na ndege ya kampuni, akachukuliwa na basi la kampuni, akalala na kula kwenye hoteli ya kampuni, akaenda kumtazama tembo kwa gari la kampuni. Angeweza kumaliza wiki mbili Kenya akiwa amegusa shilingi mara chache tu, pale aliponunua kanga au kumwachia mhudumu bakshishi.

Kwa upande mmoja hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha, kwani kampuni ya Wazungu ilikuwa na ndege zenye usajili wa Kenya zikiruka kila juma kwenda Ulaya, jambo ambalo majirani wengi hawakuwa nalo. Ilikuwa pia ajira ya maelfu ya watu kwa miongo minne. Kwa upande mwingine, ni rahisi kuona kwa nini wauza vinyago wa Shanzu waliusimamia ufuo kwa ukakamavu ule. Mchanga ulio chini ya alama ya maji kujaa ulikuwa mahali pekee ambapo mgeni alitoka nje ya bei aliyokwisha kulipa.

Serikali ya Kenya nayo haikukaa kitako. Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Uwanja wa ndege wa Mombasa, ulioko Port Reitz na uliojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulipanuliwa na kupewa jina la Rais Moi mwaka 1979, ukiwa na njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu inayopokea ndege pana yoyote. Mwaka uliofuata daraja jipya la zege la Nyali lilichukua nafasi ya lile la kuelea. Mabasi ya watalii sasa yalikwenda Bamburi bila kupanga foleni, ilhali wa kusini waliendelea kuvuka Likoni kwa feri pamoja na baiskeli, mikokoteni ya mkaa na abiria waendao kazini.

Uamuzi mmoja wa wakati huo ulikuwa mzito kuliko daraja lolote. Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na Kenya Airways ikaanza kuruka Februari mwaka huo. Ili kulilinda shirika changa, mashirika ya kigeni yenye ratiba yalielekezwa Nairobi, huku Mombasa ikiachiwa zaidi ndege za kukodi. Kenya Airways yenyewe ilipata ndege zake pana, Airbus A310-300, mwaka 1986, ikiwa ya kwanza barani Afrika kuzinunua, na kuzipa majina kama Nyayo Star na Harambee Star. Lakini nazo makao yao yalikuwa Nairobi. Pwani ikabaki na wageni ambao wengi wao hawakuuziwa tiketi na shirika la taifa.

Ng'ambo ya mpaka watu walikuwa wakibishana kama mambo haya yafanyike hata kidogo. Mwaka 1970 magazeti ya Dar es Salaam yalijaa mjadala mkali: je, utalii unaingiana na ujamaa? Vijana wa TANU, chama tawala, na wasomi wa Chuo Kikuu waliuliza kwa nini nchi iliyotangaza kujitegemea ijenge mahoteli ya kuwahudumia matajiri wa kigeni. Msomi Issa Shivji alikusanya mjadala huo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wakati huohuo serikali ilikuwa imekwisha kujenga hoteli za ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam, na mwaka 1971 ikafungua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwa mkopo wa Italia, ukiwa na njia ndefu ya kutosha ndege pana, ili watalii washukie Tanzania yenyewe badala ya kuingilia Nairobi. Ndege zilizotarajiwa hazikuja kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi 1983. Ngorongoro na Serengeti zikatoka katika vitabu vya safari vilivyouzwa kupitia Nairobi, na Kenya ikazidi kuuza kile ilichokuwa nacho tele: Mara, na mchanga mweupe.

Iliuza kwelikweli. Mwaka 1987 utalii uliipita kahawa ukawa chanzo kikuu cha fedha za kigeni nchini.

Kwa wenyeji, msimu mpya ulifanana ajabu na wa zamani. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kuanzia Desemba, na kuondoka kusi ilipoanza. Ndege hazihitaji upepo, lakini baridi ya Ulaya iliziangusha Mombasa katika miezi ile ile, Desemba hadi Machi. Masika yalipoanza kunyesha, hoteli nyingi zilifunga au kupunguza vyumba. Vibarua wakaambiwa warudi makwao hadi waitwe. Watu wa hoteli walikuwa na lugha yao fupi: kuna sizoni, na kuna lo sizoni, na mtoto wa shule alijua tofauti yake kwa mboga iliyoko mezani.

Mambo mengi ya pwani ya leo yalikatwa kwa kipimo cha ndege hizo. Chukua vinyago. Ufundi wa Wakamba unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ushirika wa wachongaji wa Changamwe ulioanzishwa mwaka 1963 uko katika barabara ya Port Reitz, njia ya uwanja wa ndege, mahali ambapo mgeni hawezi kukwepa kupita. Abiria wa ndege ya kukodi aliruhusiwa mzigo wa kilo ishirini hivi. Kwa hiyo twiga wa kuuzika ni yule anayelala ndani ya sanduku bila kuvunjika shingo, na mafundi walichonga twiga wa namna hiyo kwa maelfu.

Muziki nao vivyo hivyo. Bendi za hotelini zilikuwa na wasikilizaji wapya kila wiki mbili, wasiojua Kiswahili, wanaotaka kuondoka na kitu cha kukumbuka. Them Mushrooms, waliokuwa wakipiga kwenye hoteli za pwani, walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, wimbo wa mwenzao Teddy Kalanda, na mwaka uliofuata Boney M. wakaimba toleo lao huko Ujerumani. Wapo wanaoudharau wimbo huo kuwa wa watalii. Ndivyo ulivyo, na ulifanya kazi yake vizuri kuliko nyingi zilizodai kuwa na kazi kubwa zaidi.

Lugha zilienea kwa ramani ya viwanja vya Ulaya. Vijana wa bichi wa Diani na Bamburi walijua Kijerumani cha kupatana bei. Malindi ilikwenda Kiitaliano, kwa sababu nyingine kabisa: tangu miaka ya 1960 Italia ilikuwa na kituo cha kurushia roketi za anga baharini karibu na hapo, San Marco, na mafundi wake waliupenda mji, wakajenga, wakaita ndugu. Njia ya kurukia ya Malindi ilikuwa fupi mno kwa ndege pana, hivyo Waitaliano walitua Mombasa na kumalizia kilomita 120 hivi kwa basi, wakipita Mtwapa na mashamba ya mkonge ya Kilifi.

Na kulikuwa na biashara isiyoandikwa kwenye vitabu vya safari. Kiti cha bei ya chini kiliwaleta wanaume na wanawake wa makamo waliotafuta mwili mchanga, na kiliwakuta vijana wasio na kazi. Mswisi Corinne Hofmann, aliyekuja Mombasa likizoni katika miaka ya 1980 na kuolewa na Msamburu, aliandika kitabu mwaka 1998 kilichouzwa kwa mamilioni. Mwaka 2012 mwongozaji wa Austria, Ulrich Seidl, alitoa filamu chungu kuhusu wanawake wa namna hiyo ufukweni Kenya. Wazee wa misikiti ya pwani walikuwa wameyasema hayo miaka mingi kabla, bila kamera.

Udhaifu wa kutegemea kiti cha mwingine ulionekana mambo yalipoharibika. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi Likoni na kuwageukia watu wa bara. Wengi waliuawa na maelfu wakahama. Hasira kuhusu ardhi na kazi, zikiwemo za hotelini, zilichochewa na wanasiasa. Kampuni za Ulaya zilifanya jambo lililo rahisi kwa mwenye ndege ya kukodi: zikaielekeza kwingine. Shirika lenye ratiba hufikiri mara mbili kabla ya kuacha mji. Ndege ya kukodi huhamishiwa Karibi au Maldives kwa simu moja, na hoteli haiwezi kuhamishwa.

Tarehe 28 Novemba 2002 bomu lililipuliwa kwenye hoteli ya Paradise, Kikambala, na kuua Wakenya kumi na Waisraeli watatu, huku makombora mawili yakiikosa ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Kati ya waliokufa walikuwamo wachezaji wa ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Mei 2003 Uingereza ilisimamisha safari zote za ndege zake kwenda Kenya kwa wiki kadhaa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 vyumba vilibaki wazi katikati ya msimu. Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipotoa onyo kuhusu Mombasa, kampuni za Thomson na First Choice ziliwaondoa wateja wao mamia kwa siku mbili na kufuta safari zao hadi mwishoni mwa Oktoba.

Wenye viti nao walikuwa wakianguka mmoja mmoja. African Safari Airways iliacha kuruka mwaka 2008. LTU ilinunuliwa na Air Berlin mwaka 2007, na Air Berlin yenyewe ikafa Oktoba 2017, mwezi ule ule iliokufa Monarch ya Uingereza. Septemba 2019 ilianguka Thomas Cook, iliyokuwa ikiuza likizo tangu karne ya kumi na tisa. Condor, iliyokuwa mali yake, iliokolewa kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Ujerumani.

Sehemu kubwa ya urithi imekwenda Zanzibar. Kisiwa hicho kilichokuwa kikimtazama mtalii kwa jicho la shaka kilipitisha sheria ya kulinda uwekezaji mwaka 1986, na katika miaka ya 1990 Waitaliano walijaza ufuo wa Kiwengwa kwa hoteli za kulipia kila kitu mapema. Wakati wa Korona, nchi nyingi zilipojifungia, Zanzibar ilibaki wazi, na ndege pana kutoka Urusi na Poland zikafululiza. Watu wa Nungwi na Paje wanaijua leo ile hesabu ya vyumba na safu za viti ambayo Shanzu iliijua miaka arobaini iliyopita, pamoja na lalamiko lake: pesa imelipwa kwingine, kijiji kimeachiwa mchanga.

Mfumo wenyewe nao umebadilika. Intaneti imevunja kamba ya kiti na kitanda, kwa kuwa kijana wa Warsaw hununua tiketi yake mwenyewe na kukodi chumba cha Mswahili huko Jambiani, Zanzibar, bila wakala. Na ndege pana mara nyingi haifiki tena ufuoni. Humshusha abiria Doha, Dubai au Istanbul, naye akamalizia safari kwa ndege nyembamba. Waliomiliki kiti walikuwa Wajerumani na Waswisi. Sasa ni Waarabu wa Ghuba na Waturuki.

Kenya Airways ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza Aprili 2014, na ndege hizo hutua Nairobi. Mtalii wa Diani anayezipanda hushuka hapo, akabadili ndege au akapanda treni ya Madaraka Express iliyoanza mwaka 2017, treni iliyowafaa zaidi Wakenya wenyewe: Desemba hizi vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya Wajerumani hulala familia za Nairobi na Nakuru, watoto wakiruka bwawani kuanzia alfajiri. Wenye hoteli wa pwani wamekuwa wakidai anga la Mombasa lifunguliwe kwa shirika lolote litakalo kuja, na wamewahi kupata nafuu, kama ndege za kukodi kuondolewa ada za kutua. Wanaoitetea Kenya Airways hujibu kwamba anga likiachwa wazi, mashirika ya Ghuba yenye mifuko mirefu yatabeba abiria wote, na nchi itabaki bila ndege ya kuiita yake. Mjadala huo hurudi bungeni na magazetini karibu kila msimu unapokuwa mbaya.